Maziwa ya Pole

Nilimwaga maziwa. Nasema mapema kabla hujasikia kwa wengine, maana hapa mtaani kwetu Buyenzi ndivyo ninavyoitwa siku hizi: yule mwanamke aliyemwaga maziwa. Siitwi yule ambaye binti yake mdogo hawezi tena kuchuchumaa. Hilo watu walilisikia, wakasema pole, wakalisahau. Maziwa hawajayasahau.

Ilikuwa Jumapili kabla ya adhuhuri. Gari kubwa jeupe lilisimama mbele ya gereji ya mume wangu, ambayo ndiyo lango la nyumba yetu. Ili uingie kwetu lazima upite kati ya magari yaliyofunguliwa matumbo. Akashuka mwenye ng'ombe. Jina lake halina kazi hapa. Mtaani tunamwita Bosi wa Kibenga, kwa sababu anakaa huko Kibenga, kando ya ziwa, kwenye nyumba zenye kuta ndefu. Ng'ombe wake wako nje ya mji. Kioski cha maziwa kwenye kona yetu ni chake, ingawa hajawahi kusimama ndani yake hata mara moja. Anayesimama humo ni mama mmoja aliyemwajiri.

Siku hiyo alibeba bidoni la maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mkubwa kubeba mwenyewe, kwetu hiyo ni heshima ambayo huwezi kuirudisha mlangoni.

"Mama, salaam aleikum," akamwambia mama mkwe wangu. "Nimesikia mujukuu anaumwa. Nimeleta dawa yake. Yametoka kwa ng'ombe saa hii, bado ya moto."

Mama mkwe akalipokea bidoni kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. "Mungu akuzidishie ng'ombe, mwanangu." Kisha akageuka ndani. "Leteni kikombe cha mutoto!"

Cha mtoto. Mtoto wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja umenyooshwa kama mwiko, tumboni mwake dawa za asubuhi za kuua ugonjwa ulioletwa na maziwa ya mtu huyu. Na huyu mtu amekuja na mengine. Na bibi yake anaitisha kikombe.

Nilisikia kitu kikikatika ndani ya kichwa changu, kama mkanda wa injini. Nililichukua bidoni mikononi mwa mama mkwe, nikatoka nalo hadi barabarani, nikafungua kifuniko, nikamimina yote kwenye mtaro wa maji machafu. Taratibu. Nilitaka wayaone yote.

"Yampayinka weee!" mama mkwe akapiga kelele. Hivyo ndivyo wanavyolia watu wa milimani: wanamwita aliyewapa ng'ombe. Yeye alizaliwa milimani, akaolewa mjini, akasilimu, akajifunza kupika pilau, lakini akishtuka hurudi kwa ng'ombe. Mafundi wakaacha spana zao. Mwanamke aliyekuwa anapita na beseni la dagaa akasimama, akashika mdomo. Bosi wa Kibenga akanitazama kama mtu anayetazama kichaa, akasema kwa sauti ya chini, ya upole kabisa:

"Binti yangu, unamwaga baraka."

Nikamwambia, "Baraka yako ipeleke Kibenga."

Akaondoka. Watu wakabaki wanatazama mtaro. Wallahi, kuna jirani aliyelia. Hakumlilia mtoto.

*

Nirudi nyuma kidogo ili mnielewe.

Kwetu nyumbani maziwa yalikuwa hayachemshwi. Hiyo ni sheria ya mama mkwe. Anasema maziwa yakifurika yakaingia motoni, ng'ombe aliyeyatoa hupasuka chuchu na kukauka, na aliyeyachemsha amemloga bila kujua. Hata kama ng'ombe si wako. Hata kama hujawahi kumwona. Nilipoolewa nilikuwa nachemsha, akaninyang'anya sufuria. Nikamwambia shuleni tulifundishwa. Akaniambia, "Shule yako iliwahi kukama?" Nilimaliza sekondari, nafanya kazi ya kuandika risiti kwenye duka la vipuri, najua mambo mengi yasiyonisaidia nyumbani kwangu mwenyewe. Nikawa nachemsha yale ya usiku tu, yeye akiwa kwenye swala. Ya mchana, mimi nikiwa kazini, alimpa mtoto kama yalivyotoka kioskini. Kwa upendo. Kikombe kimejaa hadi juu, kwa sababu kwao kumpa mtu maziwa nusu kikombe ni kumtukana.

Na kioski kile kilikuwa kimeandikwa kwa rangi ya bluu, herufi kubwa: MAZIWA FRESHI – UNAKUNYWA HAPA HAPA. Vikombe vya bati vilipangwa juu ya meza. Wanafunzi walikunywa, mafundi walikunywa, wanaume waliotoka msikitini alfajiri walikunywa. Hakuna aliyesimama pale akasema, jamani, nendeni mkachemshe.

Homa ya mtoto ilianza kama homa yoyote. Tukaenda zahanati ya mtaani, wakasema malaria, wakatupa dawa. Ikashuka. Ikarudi. Wakasema malaria tena, wakabadilisha dawa. Ikashuka jioni ikapanda asubuhi, shuka limelowa kama limetoka kufuliwa. Mtoto aliyekuwa hakai kimya akawa anakaa kimya. Kisha akaanza kushika nyonga. "Mama, hapa kunauma." Mama mkwe akamkanda kwa maji ya moto na majani, na ili apate nguvu akamwongezea maziwa.

Nilipoona anachechemea nikambeba mgongoni, nikapanda basi hadi hospitali ya Kamenge. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya usingizi. Alimgeuza mguu, mtoto akapiga yowe, daktari akaacha. Akaniuliza swali ambalo hakuna mtu kwenye zahanati aliyewahi kuniuliza: "Anakunywa maziwa gani?"

Majibu ya damu yalipotoka akaniita pembeni. "Ni brusela," akasema. "Inatoka kwa ng'ombe, inapita kwenye maziwa mabichi. Wafugaji wanaiita ugonjwa wa kutupa mimba, kwa sababu ng'ombe akiwa nayo anatupa ndama kabla ya wakati. Kwa mutu inaingia kwenye damu, halafu inakaa kwenye maungo. Kwa mutoto wako imekaa kwenye nyonga."

"Atapona?"

"Homa itapona. Dawa ni ndefu, usiache hata siku moja. Nyonga... tutaona."

Tutaona. Neno hilo nimelala nalo, nimeamka nalo. Mtoto wangu alikuwa na kazi yake: baba yake akifungua gari, yeye huchuchumaa pembeni anaokota boliti zilizoanguka na kuzitia kwenye kopo. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya chekechea. Sasa hawezi kuchuchumaa, na daktari anasema tutaona.

Nilikwenda kioskini siku ileile, cheti mkononi, ningali na vumbi la Kamenge. Nilisema kwa adabu. Nilimwambia yule mama asiuze tena mabichi, amwambie bosi wake. Akasema atamwambia. Kesho yake vikombe vilikuwa palepale. Nilimpigia bosi simu, akasema yuko kwenye mkutano. Nikampigia tena, akasema maziwa yake yananywewa na watu wakubwa wa mji huu na hakuna aliyelalamika. Nikamtuma mume wangu, ambaye ndiye fundi wa lile gari jeupe. Akarudi akasema hakupata nafasi nzuri ya kusema. Nikavumilia. Nilivumilia mpaka yule mtu alipoleta bidoni la pole.

*

Usiku wa Jumapili hiyo mume wangu hakuongea nami. Mama mkwe aliongea na ukuta. "Mutu anakuja na maziwa, unamwaga. Kesho ukipata shida nani atakanyaga hapa?" Ukuta haukumjibu, mimi nikamjibu: "Shida tayari tunayo, mama. Imelala hapo kwenye mkeka."

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda ofisi moja ya mjini ambako mawakili wanawake husikiliza watu bila malipo. Nilikuwa nimebeba hasira tu na cheti cha hospitali. Wakili aliyenipokea alikuwa mama wa makamo, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Alisoma cheti polepole. Akauliza:

"Na maziwa yako wapi?"

"Yapi?"

"Hayo aliyoleta jana. Mtu yule yule, ng'ombe wale wale, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu. Hayo yangekwenda maabara leo."

Nilimtazama. Akaelewa kabla sijasema.

"Uliyamwaga."

"Niliyamwaga."

Akavua miwani, akafumba macho kidogo. Halafu akacheka, lakini si kwa kunidharau. "Dada yangu, ungemmwagia kichwani ukabakiza kidogo kwenye chupa."

Mimi sikucheka. Nilijiona mpumbavu mwenye haki, na hakuna upumbavu unaouma kama huo. Kitu pekee kilichoweza kusema kwa niaba ya mtoto wangu kilikuwa kinaelea kwenye mtaro wa Buyenzi pamoja na maganda ya ndizi.

Basi akanieleza. Naandika hapa kwa sababu najua kuna mama mwingine ana mtoto wa namna hii na anadhani hakuna pa kwenda. Pa kwenda papo, ila njia ina miba. Alisema wazee wa mtaa wataniita bila shaka, maana watu wakubwa hupenda mambo yaishe kimya. Niende, nisikilize, lakini nijue kwamba nikikubali kupatana pale, mlango wa mahakama unafungwa nyuma yangu. Nikitaka fidia tu, naweza kwenda mwenyewe mahakamani kumdai, lakini huko mzigo wa kuthibitisha kila kitu utakuwa juu ya kichwa changu. Na kuna parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Nikimshtaki huko kwamba ameuza chakula kinachodhuru watu, serikali ndiyo inachunguza, nami naweza kuingia ndani ya kesi hiyohiyo kudai gharama na fidia ya mtoto.

"Wewe huna maziwa," akasema, "kwa hiyo kwako parke ni bora. Wewe huwezi kugonga lango la Kibenga useme, nipe damu ya ng'ombe wako nikapime. Wao wakiagiza, lango litafunguka. Lakini wape sababu ya kuagiza. Cheti unacho. Kioski kimeandikwa nini?"

Nikamwambia.

"Piga picha leo. Kabla ya kwenda nyumbani. Na tafuta mutu mwingine aliyeumwa, au mutu anayejua kitu juu ya wale ng'ombe."

Picha nilipiga jioni ileile. Mtu mwingine sikupata. Nyuma ya nyumba yetu kuna mwanamume anayetokwa jasho usiku na kushika kiuno kama mjamzito, mkewe alinisikiliza mlangoni, akasema, "Yetu ni malaria tu, mama. Usitutie kwenye maneno yako." Akafunga mlango. Harufu ya chai ya maziwa ilitoka hadi nje.

*

Wazee waliniita Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Viti vya plastiki vilipangwa uani kwa mmoja wao. Bosi wa Kibenga alifika na kreti za Fanta zenye jasho la barafu, dereva wake akazipanga katikati.

Kwa mgeni lazima nifafanue. Kwetu kesi hufungwa kwa kinywaji. Wakristo huleta bia, sisi Waislamu tunaleta Fanta, lakini maana ni moja: ukishakunywa cha mtu, huna neno naye tena. Ukimshtaki baada ya hapo, mkosaji ni wewe. Ndiyo maana mtu mwenye akili hashiki chupa mpaka maneno yaishe.

Mama mkwe alikuwa ametembea juani, na tangu Jumapili ile alikuwa na aibu ya heshima ya mgeni iliyorudishwa mlangoni. Dereva akamfungulia chupa, naye akaishika, akanywa. Mazungumzo hayajaanza hata kidogo. Niliona midomo yake ikigusa chupa na nikaona bosi akiegemea kiti chake, ametulia.

Mzee mkubwa akaanza. "Binti yetu, tumesikia. Mutoto kuumwa ni mapenzi ya Mungu. Huyu ndugu amekuja na mikono miwili."

Mwingine akadakia, "Wekeni hizo chupa mbali na yeye. Huyu akikasirika anamwaga!"

Wakacheka uani pote. Mume wangu naye alitabasamu kidogo, nikamwona.

Bosi akasema, "Mi siku zote naambia watu: chemsheni. Mutu asipochemsha, kosa liko kwake."

Nikatoa simu, nikaizungusha mkononi mwa kila mzee. MAZIWA FRESHI – UNAKUNYWA HAPA HAPA. "Wanachemshia wapi? Kwenye kikombe?"

"Hiyo ni maneno ya mupiga rangi," akasema. "Mi sikuandika." Halafu akaongeza, bado kwa ule upole wake: "Na tuulizane, huyu mutoto alinyweshwa na nani? Si mi. Ni nyanya yake."

Chupa ya mama mkwe ilisimama njiani kwenda mdomoni. Huyu mwanamke ameninyang'anya sufuria, amenisema kwa ukuta, sitasema ni malaika. Lakini siku ile aliishusha chupa, akaiweka chini kati ya miguu yake, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia:

"Ni mimi nilimunywesha. Na nilinunua kwako."

Mzee mkubwa akakohoa. "Basi, basi. Bibi amekunywa. Tuseme jambo limekwisha."

"Bibi amekunywa kwa kiu yake," nikasema. "Mgonjwa si yeye."

Hapo ndipo bosi alipofanya jambo ambalo sitamsamehe hata nikiwa kaburini. Alichukua Fanta ya rangi ya chungwa, akaifungua, akatia mrija, akamwita mtoto wangu aliyekuwa kando ya bibi yake. "Njoo, mama mudogo. Mugonjwa mwenyewe akinywa, imekwisha, si ndiyo?" Wazee wakaitikia kwa vichwa wanatabasamu. Mtoto akaenda, anachechemea, uso umewaka furaha. Akashika chupa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa na bibi yake.

Niliinuka nikamnyang'anya.

Alilia vile wanavyolia watoto walioonewa hasa, bila sauti kwanza, mdomo wazi, kisha sauti. Mtu akasema, "Astaghfirullah, mama gani huyu." Mzee mkubwa akasimama, kikao kikavunjika. Mume wangu alitoka bila kunisubiri. Mimi nilibaki na chupa mkononi na mtoto mguuni, na nilijua kwamba kuanzia siku hiyo nitakuwa na majina mawili.

Asubuhi yake ukuta wa kioski ulikuwa umepakwa chokaa nyeupe. Yule mama muuzaji alikuja kwetu mchana, kitambaa kimevutwa hadi machoni. "Bosi anasema nikiulizwa niseme nilitia maji machafu kwenye maziwa," akaniambia. "Mi sijatia kitu. Na mi pia nakunywa yale yanayobaki. Usiku nalowa jasho mpaka kwenye godoro."

Nikamwambia aende Kamenge akapimwe. Akaniuliza, "Halafu kazi?"

*

Jumatatu nilimpelekea mume wangu chakula gerejini. Alikuwa chini ya pikapu moja, miguu tu iko nje. Kwa muda wote huo nilikuwa nimemwambia ugonjwa unaitwa brusela, na kwake hilo lilikuwa neno la Kifaransa kama mengine. Siku hiyo nilisema vingine, kwa hasira tu, nikizungumza na ile miguu:

"Unajua wafugaji wanauitaje? Ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe wa rafiki yako wanatupa mimba, na mtoto wako anaoza nyonga."

Spana ikanyamaza. Akajisukuma nje taratibu, uso umejaa grisi.

"Rudia."

Nikarudia.

Akakaa chini akiegemea gurudumu. "Aliniambia," akasema. "Hapa hapa. Tulikuwa tunabadilisha ambrayaji ya gari lake. Alisema, ng'ombe zangu zinatupa mimba moja baada ya nyingine, kuna mutu ananiloga. Alikuwa ameshamwita mufumu wa kumuondolea uchawi."

"Na maziwa aliendelea kuuza?"

"Ya maziwa hatukuongea."

"Wewe ukamwambia nini?"

Akatazama mikono yake. "Nilimwambia asome dua."

Nilicheka. Kicheko kibaya, nilikijua kibaya wakati kinatoka. Kisha nikamuuliza kama atayasema hayo mbele ya watu wa parke. Akasema yule ni mteja wake, na wateja wengine wameletwa na yule. Nikamwambia najua. Akasema nikimshtaki mtu wa namna ile gereji itabaki na paka tu. Nikamwambia hilo pia najua. Sikumwambia "mtoto ni wako", maana hilo alikuwa analijua kuliko mimi, ndilo lililokuwa linamzuia kunitazama.

Mtoto akatoka ndani. Alikuwa amesikia sauti ya spana, na mwili wake bado unakumbuka kazi yake. Alikuja na kopo lake, akasimama kando ya boliti zilizotapakaa sakafuni, akajaribu kukunja magoti, akaacha. Akalinyoosha lile kopo kwa baba yake.

"Baba, niokotee."

Akaokota. Moja moja. Alipomaliza akafuta mikono kwenye kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Andika," akaniambia. "Niandike na mi."

*

Afisa wa parke aliyepokea watu siku ile alikuwa na haraka na alikuwa na chai. Alisoma karatasi yangu akiruka mistari. Akauliza kwa nini najisumbua na mtu mkubwa.

"Madamu, ondoa hili jina. Andika ule mama wa kioski. Huyo hata leo tunamuleta hapa, na wewe unapata haki yako mapema."

"Huyo naye anaumwa."

"Lakini yeye ndiye aliuza."

"Na ng'ombe ni wake?"

Akanitazama. Nakiri nilikuwa nimechoka na njia aliyonionyesha ilikuwa rahisi. Ningetoka pale na mtu amekamatwa, mtaa ungesema haya, ameshinda, na ng'ombe wangeendelea kukamwa. Nikamwambia abaki na chai yake, ila karatasi apige muhuri kama ilivyo. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na nguo zake za gereji. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Afisa akawahesabu kwa macho, akavuta muhuri.

Niliiandika kwa Kirundi, kwa mkono wangu, wakili akanirekebisha mahali pachache tu. Kwa Kiswahili inasema hivi:

"Mimi, mama mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu, mkazi wa Buyenzi, ninamshtaki mwenye ng'ombe na mwenye kioski aliyetajwa hapo juu kwa kuuza maziwa mabichi ya kunywewa palepale, huku akijua kwamba ng'ombe wake wanatupa mimba. Mtoto wangu aliyanywa na sasa ana brusela katika nyonga. Cheti cha hospitali nimekiambatisha. Picha ya kioski, kabla hakijapakwa chokaa, nimeiambatisha.

Aliyempa mtoto maziwa ni bibi yake, ambaye aliyanunua kama yalivyouzwa. Yuko hapa, anakubali kuulizwa. Mume wangu, fundi wa magari, alisikia kwa masikio yake mshtakiwa akisema juu ya ng'ombe hao. Yuko hapa. Muuzaji wa kioski simshtaki. Naomba apimwe, kwa sababu naye anakunywa maziwa hayo.

Maziwa yenyewe sina. Mshtakiwa aliniletea mengine nyumbani na niliyamwaga. Kwa hiyo naomba ng'ombe wapimwe kwa amri yenu, kioski kifungwe mpaka majibu yatoke, na mshtakiwa abebe gharama za matibabu ya mtoto kwa muda wote ambao nyonga yake itahitaji. Nadai fidia kwa niaba yake.

Mshtakiwa atasema kwamba tulipatana mbele ya wazee. Hatukupatana. Bibi alikunywa kabla ya maneno kuanza. Mume wangu hakunywa. Mtoto alipewa chupa na mshtakiwa, nami nikaichukua mkononi mwake kabla hajaionja. Mimi sikunywa."